Viungo vya Mipira ya Maji: Tuchague Chuma Gani?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Matisi, Kitale, pamoja na wageni wetu kutoka upande wa Bungoma

 

Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo kwa macho ni dogo lakini linakula pesa za vikundi vingi. Ni vile viungo vinavyoshika mpira wa maji kwenye mfereji, kwenye mashine na kwenye bunduki ya kuoshea. Viungo vya mpira, jamani, si viungo vya pilau.

Siku hizi kazi ya kuosha ni kazi kamili. Kuna vijana wanaoosha magari na pikipiki za bodaboda, kuna akina mama wanaoosha mazulia na viti vya kukodisha kwa harusi, kuna wafugaji wanaoosha zizi la ng'ombe wa maziwa kila asubuhi. Na matope ya Trans Nzoia mnayajua wenyewe, mvua ikishashika kazi haikosi. Basi kikundi kinachanga, kinakopa kidogo, kinanunua mashine ya presha. Miezi mitatu haijaisha mashine imelala kwenye stoo. Ukiuliza unaambiwa, "Ilikufa." Tukiifungua tunakuta mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Kilichokufa ni kipande kidogo cha kuunganishia, na hakuna aliyejua anunue kipi badala yake, au kilinunuliwa kingine cha namna ile ile kikafa tena.

Kwanza tuelewane juu ya presha. Katika mashine kuna pande mbili, na pande hizo si sawa. Upande wa kwanza ni ule maji yanapoingia, kutoka kwa mfereji au tangi. Huku nguvu ni ndogo. Tangi likiwa juu ya jukwaa la mita 5, maji yanafika chini kwa nguvu ya nusu bar hivi, kwa sababu kila mita 10 za kwenda juu huleta karibu bar moja. Upande wa pili ni ule maji yanapotoka mashinani kwenda kwa bunduki. Mashine nyingi za kazi hii hutoa bar 100 hadi 200. Pengine mtauliza bar 150 ni nini. Ni uzito wa maji yaliyosimama wima mita 1,500. Mlima Elgon mnauona pale. Kilele chake kiko mita 4,321, na sisi hapa Kitale tuko karibu mita 1,900. Basi fikirieni bomba limesimama kutoka hapa tulipoketi hadi zaidi ya nusu ya kimo kilichobaki kufika kileleni, limejaa maji, na uzito huo wote umekalia kile kiungo kidogo mkononi mwako.

Kwa hiyo kiungo kinachofaa upande wa kuingia hakifai upande wa kutoka, hata kama kinaingiana. Tumeona mpira wa presha uliopasuka ukifungwa kwa waya wa seng'enge na ukanda wa tairi la baiskeli. Tunawaomba, msifanye hivyo. Maji ya presha hiyo yanaweza kupenya ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano. Mtu anaona kidonda kidogo tu, anafuta damu na kuendelea na kazi, na kumbe ndani ya mkono nyama imeharibika na uchafu umeingia. Jambo kama hilo likitokea, peleka mtu hospitali saa ile ile, usingoje mkono uvimbe, na mwambie daktari waziwazi kwamba ni maji ya mashine ya presha. Mtu anaweza kupoteza kidole au mkono kwa kungoja.

Mpira wa presha hauungwi kwa klipu. Mwisho wake hubanwa kwa mashine maalum. Ukipasuka karibu na mwisho, upeleke kwa mafundi wanaotengeneza mipira ya haidroliki ya trekta, wao wana mashine ya kubana. Klipu ya kukaza kwa bisibisi iache upande wa tangi, huko ndiko kwake.

Sasa tuje kwa vyuma vyenyewe. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa.

Plastiki tunaijua. Kwa mpira wa bustani ya nyumbani haina neno. Lakini kwa kazi ya siku nzima, kuvutwa kwenye kokoto, kukanyagwa na gurudumu, kuachwa juani, plastiki inakauka na kupasuka. Jua la huku kwetu juu ni kali hata kama hewa ni baridi.

Alumini ni nyepesi na bei yake si mbaya, lakini haipendi kuoana na vyuma vingine. Ukifunga kiungo cha alumini kwenye bunduki ya brasi, na hapo pana maji na sabuni kila siku, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kwenye nyuzi, halafu siku unayotaka kufungua hakifunguki. Unakaza spana, kinakatika. Kama una alumini, ikae na alumini mwenzake.

Chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, kama kile cha mabomba ya zamani, kina nguvu na si ghali. Ubaya wake ni kwamba kwenye nyuzi ile zinki inakwaruzika haraka, na kutu inaanzia hapo. Tena punje za kutu zikiingia mashinani zinaziba tundu la bunduki. Kwa bomba lisiloguswa linafaa, kwa kiungo kinachofunguliwa asubuhi na jioni hapana.

Brasi ndiyo tunayoisifu kwa vikundi vingi. Brasi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Ile ya kukata viungo huwa na shaba karibu asilimia 58, zinki kama 39, na risasi kidogo, kama 3, ili iweze kukatwa vizuri kwenye mashine. Haishiki kutu ya chuma, nyuzi zake hukazika vizuri, na ikianguka kwenye saruji hujikunja kidogo lakini haipasuki kama plastiki. Kasoro yake tutaieleza tukifika kwa dawa za kuoshea.

Halafu kuna chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wanakiita stenlesi. Kuna cha namba 304 na cha namba 316. Hicho cha 316 kimeongezwa madini ya molibdeni na kinastahimili chumvi na klorini vizuri zaidi. Ni kizuri sana kwa wanaosafisha vyombo vya maziwa na kwa wanaotumia dawa kali. Lakini ni ghali, na kwa kuosha pikipiki tunaona ni kujionyesha tu. Pesa hiyo afadhali inunue mpira mzuri.

Wa mwisho ndiye mlaghai. Kuna viungo vinavyomwagwa kwa mchanganyiko wa zinki, kisha vinapakwa rangi ya dhahabu au ya fedha juu juu. Dukani vinang'aa kuliko brasi yenyewe! Ukikaza kwa spana mara ya tatu, vinakatika kama biskuti. Tunajua kikundi kimoja kilichouziwa kumi kwa pamoja kwa bei ya brasi, na mwenye duka aliposhikwa akasema eti hata yeye aliuziwa hivyo. Inawezekana ni kweli, lakini pesa za wanachama hazikurudi.

Basi utajuaje? Wengi hubeba sumaku. Sumaku ni nzuri lakini haitoshi. Ikishika, jua ni chuma kilichopakwa rangi, rudisha. Isiposhika, bado hujui, kwa sababu mchanganyiko wa zinki nao haushikwi na sumaku, wala alumini haishikwi. Kwa hiyo pima uzito kwa mkono. Chukua viwili vya umbo moja na ukubwa mmoja. Brasi ni nzito kuliko alumini zaidi ya mara tatu, hapo hata mtoto atajua. Ikilinganishwa na mchanganyiko wa zinki, tofauti ni kama sehemu moja kwa tano, kwa hiyo inataka mkono mtulivu au mizani ya duka. Njia ya hakika ni tupa ndogo. Omba ruhusa, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana, ndani ya mdomo wa kiungo. Brasi ni ya manjano mpaka ndani. Ukiona kijivu chini ya manjano, umeshajibiwa. Na msikatae kile cheupe nje lakini cha manjano ndani. Hicho ni brasi iliyopakwa nikeli au kromu, na ni kizuri.

Mwenye duka akikataa usikwaruze, ni haki yake, mali ni yake. Na wewe ni haki yako kwenda duka la pili.

Angalieni pia maandishi. Kiungo cha presha cha kweli huandikwa nguvu yake, kwa bar au kwa psi. Bar moja ni psi 14.5, kwa hiyo mashine ya bar 150 inataka kiungo kisichopungua psi 2,175. Namba iliyoandikwa kwenye kiungo na ile ya kwenye mpira zote ziwe sawa na ya mashine au zaidi. Shirika la viwango, KEBS, liko tangu 1974, na bidhaa nyingi hubeba alama yake; sheria ya kupinga bidhaa bandia ilipitishwa mwaka 2008. Lakini alama nayo inaweza kuigwa, kwa hiyo tupa ibaki mfukoni. Tena daini risiti yenye jina la duka na neno "brasi" limeandikwa. Bila hilo neno huna la kudai.

Tuseme sasa juu ya nyuzi za kukaza, maana kuna watu wananunua brasi safi kabisa na bado maji yanavuja. Mabomba ya kwetu yanafuata kipimo cha Kiingereza. Bomba la nusu inchi lina nyuzi 14 kwa kila inchi, na la robo tatu pia 14, ila ni nene zaidi. La inchi moja lina 11. Ukipima nyuzi za nusu inchi kwa nje utapata karibu milimita 21, wala si nusu inchi ya rula. Msishangae, hiyo nusu ni jina la bomba. Shida inakuja na vifaa vya mpira wa bustani vya mtindo wa Marekani. Vyao vya robo tatu vina nyuzi 11 na nusu kwa inchi. Kinaanza kuingia, unafurahi, mzunguko wa pili kinakwama. Ukilazimisha, umeharibu viwili.

Kwenye upande wa presha, mashine nyingi hutumia uzi wa milimita 22. Hapa pana mtego. Kuna vya aina mbili vyenye uzi huo huo, lakini pini ya ndani ya kimoja ni milimita 14 na ya kingine ni 15. Kwa nje ni mapacha. Pini ya 14 ukiitia kwenye tundu la 15 inakaza vizuri, halafu maji yanaruka pembeni. Ya 15 haiingii kwenye tundu la 14. Vijana wanabadilisha oringi, wanazungushia tepu, wanamlaumu fundi, kumbe ni milimita moja tu. Dawa ni rahisi: kile kilichoharibika kibebe mfukoni uende nacho dukani. Usiende na maneno matupu, eti "nataka kile cha mashine." Na kama kuna rula ya fundi ya kupimia milimita, pima pini kabla hujatoka nyumbani.

Tepu nyeupe nayo inatumiwa vibaya. Ni ya nyuzi zinazobanana zenyewe kwa zenyewe, kama bomba na soketi. Kiungo chenye washa ya mpira ndani hakihitaji tepu, kinahitaji washa nzima. Ile washa ni ya bei ndogo sana, na oringi vilevile. Kila mashine iwe na kikopo chenye washa na oringi kumi za akiba. Oringi zipakwe grisi kidogo ya silikoni; grisi ya gari hapana, inavimbisha aina nyingine za mpira.

Kuvuja kunagharimu kiasi gani? Hebu fanyeni jaribio hili. Wekeni chupa ya soda ya nusu lita chini ya kiungo kinachovuja, mwangalie saa. Ikijaa kwa dakika 5, hiyo ni lita 6 kwa saa. Siku ya kazi ya saa 10 ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Kwa siku 26 za mwezi ni mitungi 78. Akina mama mnaobeba maji mgongoni, au mnaonunua kwa mkokoteni, hatuna haja ya kuwatafsiria hesabu hiyo.

Na kuna kuvuja kusikoonekana. Mashine ikivuta maji kutoka kwenye pipa, kiungo kilicholegea upande wa kuingia hakitoi maji nje, kinavuta hewa ndani. Bunduki inaanza kukohoa, maji yanatoka kwa kuruka ruka, pampu inapiga kelele. Wengi hufikiri ni injini. Hewa hiyo inaharibu sili za pampu polepole, na pampu ndiyo bei ya mashine. Kazeni klipu, badilisheni washa, ndipo mwite fundi.

Tuliahidi kusema juu ya dawa. Brasi ina adui wake, naye ni amonia. Amonia iko katika baadhi ya sabuni za kuoshea vioo na sakafu, na inatoka pia kwa mkojo wa ng'ombe. Kiungo cha brasi kilichokazwa sana, kikikaa kwenye hewa ya amonia siku nyingi, hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Kwa hiyo wafugaji, mkimaliza kuosha zizi msiache mpira umelala mle ndani. Usuuzeni, mwutundike nje kivulini. Adui mwingine ni maji yenye asidi, yanayokula zinki na kuacha shaba peke yake. Mkiona brasi imebadilika kutoka manjano kuwa ya waridi na inameguka, imekwisha hiyo.

Stenlesi yenyewe haiogopi amonia, inaogopa klorini, ile dawa tunayoiita jiki. Ikiachwa ndani inachimba vishimo vidogo. Kwa hiyo, dawa yoyote iwayo, mkimaliza pitisheni maji safi dakika mbili au tatu kabla ya kuzima. Tena kamwe msichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi wala na yenye amonia. Inatoka hewa ya sumu, na stoo zetu hazina madirisha makubwa.

Sasa jambo ambalo halimo kwenye kitabu cha mashine, nalo ni wizi. Brasi inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mita za maji na mifereji imekuwa ikikatwa usiku katika miji mingi ya Kenya kwa sababu hiyo hiyo. Mnakumbuka Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu nchi nzima, baada ya nguzo za stima kuharibiwa na nchi kukaa gizani, kisha ikafunguliwa tena mwezi wa Mei mwaka huo. Kwa maoni yetu, kikundi kisirudi kwenye plastiki kwa kuogopa wezi. Afadhali kila jioni viungo vifunguliwe, vihesabiwe, viandikwe kwenye daftari na viwekwe kwenye boksi lenye kufuli nyumbani kwa mwanachama aliyechaguliwa. Kila kimoja kitiwe alama kwa ncha ya msumari. Na mtu akiwaletea brasi ya bei ya kutupa jioni jioni, isiyo na risiti, mjue kuna kikundi kingine asubuhi kitakuta mfereji wake uko wazi.

Waweka hazina watauliza habari ya pesa, na ni vizuri waulize. Tufanye mfano, bei si za duka lolote, wekeni zenu. Tuseme cha plastiki ni shilingi 150 na kinadumu miezi miwili. Kwa mwaka ni vipande sita, shilingi 900. Cha brasi tuseme ni 600. Mpaka hapo tofauti ni ndogo. Lakini kila kinapovunjika kazi inasimama nusu siku mtu akienda mjini. Kama nusu siku ni magari matano kwa shilingi 200, mmepoteza 1,000, na mara sita ni 6,000. Hesabu ya waweka hazina wengi huishia kwenye ile 900, kwa sababu ndiyo yenye risiti.

Kama pesa haitoshi kununua vyote kwa pamoja, tungeanza na kile kinachofunguliwa kila siku, yaani kile cha mashine upande wa kutoka, kisha cha bunduki. Kile cha kwenye tangi kinaweza kungoja, maana hakiguswi. Na msinunue vya aina tatu tofauti kwa sababu duka lilikuwa na punguzo. Kikundi chenye mashine mbili kiwe na uzi wa aina moja, ili siku moja ikilala ile nyingine iazimwe viungo.

Kuna mama aliyeuliza kama viungo hivi anaweza kuvitumia kwa maji ya kunywa pale nyumbani. Jibu ni hapana. Ile risasi iliyomo kwenye brasi ya kawaida huingia kwenye maji kidogo kidogo, hasa yakilala usiku kucha, na risasi ni mbaya zaidi kwa watoto wadogo na kwa mama mjamzito. Mpira wenyewe pia si wa kunywea. Kwa maji ya kunywa nunueni mfereji ulioandikwa kwamba ni wa maji ya kunywa, na asubuhi mwacheni maji ya kwanza yaende kwenye ndoo ya kufulia.

Jumamosi ijayo tutakuja na tupa, sumaku na mizani. Kila kikundi kilete viungo vyake vya zamani, hata vilivyovunjika, hasa vilivyovunjika. Tutavikata vipande viwili mwone ndani.